"Tutajaribu" ya Fundi Gerson

Fundi Gerson alikuwa na neno lake. Mtu akileta gari gereji kwake, pale nyuma ya stendi ya Newala, Gerson akishalichungulia humjibu moja kati ya mawili. Akisema, "Kesho njoo uchukue," basi gari ni zima, hata kama hiyo kesho yenyewe ingekuja kuwa wiki ijayo. Akisema, "Tutajaribu," basi gari limekufa. Wenye magari hawakulijua hilo. Waliondoka na matumaini yao, wakarudi, wakaondoka tena, mpaka wakachoka wenyewe na kulivuta gari kwa kamba kurudi nyumbani. Aliyejua ni mkewe Julia, aliyeuza chai na mihogo ya kuchemsha palepale gereji miaka yote ile, akisikia kila kitu huku akijifanya anapuliza moto.

"Kwa nini usiwaambie ukweli watu wa watu?" alimuuliza siku moja.

"Mimi ni fundi magari, Mama Huruma. Habari za misiba waachie wachungaji."

Ndivyo alivyokuwa. Hodari wa spana, mwoga wa maneno.

Mwaka huu ikawa zamu ya Gerson mwenyewe kuchunguliwa. Miguu ilimvimba, pumzi ikawa fupi, usiku akawa analala ameketi, ameegemea mito. Kule hospitalini Ndanda daktari alimwita Julia pembeni akamweleza kwamba moyo wa mumewe umetanuka na umechoka. Dawa zingempunguzia shida, lakini moyo wenyewe usingerudi ulivyokuwa. Na maji apewe kwa kipimo, maana mwili unashindwa kuyatoa. Julia aliporudi wodini, Gerson alimtazama usoni.

"Kasemaje?"

Kwa kuhangaika kwake, Julia alisema neno la kwanza lililomjia. "Kasema tutajaribu."

Gerson akageukia ukutani. Julia alitamani ardhi impasukie. Miaka yote ile alilisikia neno lile likiua magari ya watu, na leo amelitoa mdomoni mwake mwenyewe. Tangu siku hiyo hawakuuzungumzia ugonjwa. Walizungumzia kikombe tu, kikombe kidogo cha bati ambacho Julia alimpimia maji. Gerson akiomba aongezewe, Julia anamnyima, kisha anakwenda nyuma ya jiko kulia.

Asubuhi hii pumzi ilikataa kabisa. Midomo yake ilikuwa ya kijivu na kila neno lilimgharimu. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshashuka na mama mwenye uchungu. Huruma, mtoto wao wa pekee, yuko Songea kikazi. Alilia kwenye simu na kilio chake hakikuwa na msaada. Uani ilikuwepo pikapu ya Gerson, kuukuu, ya buluu iliyopauka. Julia alijua kuiendesha, maana Gerson alimfundisha mwenyewe kwenye njia za mashambani, lakini hajawahi kuishusha mlima. Alimpakia mumewe kiti cha mbele, akafungua dirisha lote, akapakia madumu yote ya maji yaliyokuwa ndani, rejeta isije ikakauka njiani. Maji ya Newala hupandishwa na mashine kutoka bondeni, na mashine ilikuwa imenuna tangu Jumapili. Kwa hiyo aliyopakia ndiyo yaliyokuwapo, ya kupikia na ya kila kitu.

Hawajafika hata kwenye mteremko, mshale wa geji ya joto ukapanda kwenye nyekundu.

"Zima," Gerson alisema. "Mfuniko wa rejeta usiuguse. Utaungua uso."

Julia alishuka, akafungua boneti. Mvuke ulimpiga kifuani. Gerson alikaa kitini, macho ameyafumba, akawa anauliza kwa vipande.

"Mkanda wa feni?"

"Upo. Umekaza."

"Chini panavuja?"

Julia alipiga magoti, akainama mpaka shavu likagusa vumbi. "Pakavu."

"Shika mpira wa juu. Halafu wa chini."

Alishika kwa kitenge. Yote miwili ilikuwa ya moto. Basi rejeta haijaziba, Gerson alisema, maji yanapita. Themostati, kile kidude cha kuyazuia maji mpaka injini ipate joto, haikuwa na haja ya kuulizwa. Aliing'oa na kuitupa zamani, kama mafundi wote wa huku wanavyofanya, halafu wanashangaa magari yanavyokunywa mafuta. Julia angecheka siku nyingine.

"Weka majani nyuma," Gerson alisema. "Lori lisije likatuparamia."

Alimaanisha yale matawi ambayo watu huyatandika barabarani nyuma ya gari lililoharibika. Julia alikataa. "Majani ya nini? Tunaondoka sasa hivi." Aliona kwamba akitandika majani atakuwa amekubali.

Injini ilipopoa kidogo alijaza maji, na rejeta ikayanywa kwa pupa. Gerson alisikiliza mlio wa maji yakishuka. Alilamba midomo yake mikavu, na Julia akaangalia pembeni.

Walishuka mlima kwa gia ndogo. Julia aling'ang'ania usukani mpaka vidole vikafa ganzi, akisali kwa sauti zile sala za utotoni alizofundishwa na bibi yake wa Lulindi. Mungu aliwashusha salama. Wakafika tambarare, wakaipita njia panda ya Lulindi, na hapo, kwenye kilima ambacho hata baiskeli hukipanda, geji ikalala tena kwenye nyekundu.

Safari hii rejeta ilikuwa karibu tupu. Lita na lita za maji zimeingia, na chini hapajadondoka hata tone.

"Yanakwenda wapi?" Julia alifoka, kama vile pikapu ingemjibu. "Maji yote yale yanakwenda wapi?"

Kifua cha Gerson kilipanda na kushuka haraka, na kooni palikuwa na mlio ambao Julia aliuogopa kuliko ule wa injini. Alipopata pumzi aliuliza, "Moshi wa nyuma... rangi gani?"

"Mweupe."

"Oili. Chomoa kijiti uangalie."

Julia alichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi ya siku zote haikuwepo. Ncha ya kijiti ilikuwa na kitu kizito, rangi ya chai ya maziwa. Aliuza chai maisha yake yote. Rangi ile hakuhitaji kufundishwa: maji yameingia kwenye oili.

"Oili ipo," alijibu.

"Sikuuliza kama ipo."

Julia alirudisha kijiti na kujifuta mikono kwenye kitenge kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipiga simu Masasi kwa mwenye teksi; haikupokelewa. Alitazama barabara huku na huku, hapakuwa na gari.

Injini ikapoa. Gerson akasema, "Jaza. Acha mfuniko wazi. Washa, halafu chungulia."

Julia alijaza, akawasha, akarudi mbele kuchungulia. Kwa kitambo maji yalitulia, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Kisha povu moja likapanda, likafuatwa na lingine, halafu yakaanza kupanda mfululizo, maji yakitokota kama uji ilhali injini haijapata moto bado. Aliwahi kuyaona mapovu hayo mara nyingi gereji. Moshi wa ndani ya injini umepata njia ya kuingia kwenye maji. Gasketi ya silinda hedi imekwenda, na gari la namna hiyo hata ulimiminie mto Ruvuma halifiki.

"Unaona nini?" Gerson aliuliza kutoka kitini.

Julia alishika ukingo wa boneti. Machozi yalimtoka, akayaacha. Amfikishe vipi? Ambebe mgongoni? Alifungua mdomo, na kilichotoka ni kilekile.

"Tutajaribu, Baba Huruma."

Halafu akasikia kitu ambacho hakukitegemea. Gerson alikuwa anacheka, kicheko kidogo kilichokatwa na kikohozi.

"Zima gari, mke wangu. Njoo."

Alizima, akaja dirishani. Gerson alimshika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Na yule daktari. Alisema neno hilo kweli?"

"Hapana," Julia alisema. "Nililisema mimi. Yeye alisema moyo umechoka, haurudi ulivyokuwa." Akaanza kulia kwa sauti. "Nisamehe."

"Nilijua siku ileile. Unadhani nani alikufundisha?" Akapumua kwanza. "Niliwaacha watu wakiliwa na matumaini, Mama Huruma. Sikujua neno lile linavyokaa kifuani."

Dumu la mwisho lilikuwa na maji kidogo. Julia alilitazama, akaitazama rejeta, akatoa kile kikombe cha bati na kukijaza mpaka juu. Alimshikia mumewe wakati anakunywa. Gerson alikunywa polepole, akafumba macho.

Kisha Julia alivuka mtaro, akavunja matawi ya mkorosho na kuyatandika barabarani nyuma ya pikapu. Alipoinuka aliona gari linakuja kwa mbali. Akasimama katikati ya barabara na kupunga mikono yote miwili.

Lilikuwa gari dogo la mwalimu mmoja, Rogath, aliyekuwa akienda Masasi. Alishuka mbio, akainama dirishani. "Shikamoo, mzee. Gari lina nini?"

"Marahaba," Gerson alisema. "Hedi imekwenda. Limekufa hilo, mwanangu. Usihangaike nalo."

Mwalimu alimpitisha mkono mgongoni, Julia akashika upande wa pili, wakamwinua. Alikuwa mwepesi ajabu, isipokuwa ile miguu.

"Na mzee mwenyewe?" mwalimu aliuliza kwa sauti ya chini, akimgeukia Julia. "Ana nini?"

Julia alimtazama mumewe. Gerson alitikisa kichwa kukubali.

"Moyo," Julia alisema. "Umechoka, haurudi. Lakini bado unapiga, mwalimu. Tuwahishe Ndanda."