Upande wa Kilima Usio na Maua

Kila mwaka, jua lilipokausha nyasi, baba alitupandisha kilimani huku kwetu Gwassi kutazama miti ya orembe. Orembe hudondosha majani yote, ikabaki matawi matupu, kisha ikawaka maua mekundu mteremko mzima. Majirani walituuliza ni ng'ombe gani amepotea. Baba alicheka tu. Hawakuelewa mtu kupanda kilima kwa ajili ya macho.

Mwaka aliokufa baba, Uhuru ukiwa bado mgeni kwetu, mama alisema tutakwenda vilevile. Baba mdogo akakubali, akaja na mkewe na watoto wao. Lakini njia ilikata katikati ya maboma mawili, na kwa mila yetu mjane ambaye hajatolewa msibani hakanyagi boma la watu.

"Mke mwenzangu, usitutafutie maneno," mke wa baba mdogo akamwambia. "Ukipita pale leo, kesho kuku wao wakifa tutasema nini?"

"Kuku wao hufa kila mwaka nami niko jikoni kwangu."

Hata hivyo mama aliiacha njia. Wenzetu wakapita wakiimba. Mimi nikamfuata bondeni kwenye mawe, mdogo wangu akiwa mgongoni mwake. Tulizunguka mpaka jua likawa utosini. Upande ule hapakuwa na ua hata moja, na mwamba wa mwisho ulisimama kama ukuta. Mama alijaribu mara mbili. Mtoto akalia. Akakaa chini.

"Panda wewe. Uniambie."

Juu nilikuta wenzetu wamemaliza viazi vya safari, wamejinyoosha nyasini. Hakuna aliyeuliza mama yuko wapi. Nikasimama ukingoni, nikapaza sauti: "Ni mingi, mama! Imewaka mpaka karibu na ziwa!"

"Na ule wa baba yako?"

Ule aliozoea kuuegemea. Nikageuka kuutazama. Ulikuwa umechanua kuliko yote. Nikavunja tawi lake, nikalifunga kiunoni, nikashuka miiba ikinichoma. Maua yalipukutika mwambani, yakabaki matatu.

Mama aliyanusa, ingawa orembe haina harufu. Akaliweka tawi juu ya jiwe.

"Hatuendi nalo nyumbani?"

"Upande huu haioti, mwanangu. Wakituona nalo watasema nilipita bomani kwa watu."

Akakaza kanga ya mtoto, akatangulia kwenye mawe.