Mbwa Aliyelazwa Siku ya Tero Buru

Nilipaswa kukataa. Binamu yangu aliposema tumdunge mbwa sindano ya kumlaza hadi msiba upite, nilijibu sawa. Neno hilo nalitafuna mpaka leo.

Mbwa alikuwa wa mke wangu. Alimlea kwa maziwa ya kikombe baada ya binti yetu kuolewa Migori, tukabaki watatu hapa Magunga. Radi ikipiga, mbwa alitafuna mlango hadi ufizi ukatoka damu. Daktari wa mifugo kule Homa Bay akampa kidonge cha kila asubuhi cha kupunguza hofu. Mke wangu alikificha ndani ya tonge la ugali na omena. Mawingu yakitanda, alimfunga kifuani fulana yangu kuukuu, imbane kama anayekumbatiwa. Polepole mbwa akaanza kulala hata mvua ikinyesha.

Kisha kaka yangu akafa. Kwetu mzee akifa, wanaume hufukuza kifo kwa tero buru: mafahali, ngoma, filimbi na mayowe, boma zima linatikisika. Mke wangu akaniambia, "Baba, mpeleke kwa dada yangu mjini kabla ya kelele."

Binamu akacheka. "Omera, ndugu yangu, mbwa anameza dawa kama mgonjwa wa presha, na sasa anakwenda likizo Homa Bay? Watu watasema unahamisha mbwa kaka yako akizikwa!"

Nikaona aibu, basi. Aibu mbele ya watu waliokuja kula na kuondoka.

Sindano ilikuwa ya binamu, ya kulegeza mafahali wakorofi. Daktari alikuwa ametuonya tusichanganye kidonge chake na dawa nyingine, na asubuhi hiyo mbwa alikuwa ameshameza. Sikumpigia simu. Binamu akamdunga mbwa; miguu ikamlegea, akaanguka ubavu kando ya ghala.

"Ametulia," nilimwambia mke wangu.

Akapiga magoti. "Ametulia wapi? Mtazame macho!"

Macho yalikuwa wazi kabisa. Mbavu zilitetemeka. Tulikuwa tumelaza mwili, hofu tumeiacha macho. Hapo mafahali wakaingia langoni, filimbi zikalia, naye mbwa hakuweza hata kujikokota akajifiche chini ya kitanda.

Ndipo nikampigia daktari. Aliuliza ni sindano gani, na kiasi gani. Sikujua. Nilimbeba mbwa nikipenya kati ya watu, nikilia njia, njia, nao wakidhani namlilia kaka. Pumzi ilimkatika kabla sijafika barabarani.

Mke wangu alivumilia hadi matanga yakaisha, akaenda kwa binti yetu. Nimemfuata Migori mara nyingi. Hanitukani. Husema tu, "Nilikuomba jambo moja."

Nilimuua mbwa wake kwa kuogopa kuchekwa, na mke wangu hakurudi tena. Naishi peke yangu.