Mwalimu wa Ubao Mtupu

Haya ninayoandika hakuna atakayeyaamini, na simlaumu mtu. Mimi nilikuwepo, nikaona kwa macho haya mazuri, na bado kuna sehemu nazishuku. Ni habari za Sidonie, mtoto wa dada yangu, mwalimu wa chuo kimoja cha kilimo kule Kakiika, Mbarara. Akili ameirithi kwangu. Mimi niliacha shule darasa la tano, kule Uvira, Kongo, kwa sababu mwalimu alikuwa amebakiwa na machache ya kunifundisha.

Tulifika Nakivale, makazi ya wakimbizi huku Uganda, mwaka 1998, Sidonie ana miaka kumi na miwili. Pale mapokezi, Kabazana, hakuna aliyesimama mbele kutufundisha. Waliotutangulia kwa wiki moja ndio waliotuonyesha bomba la maji, foleni ya unga na mlango wa kuandikisha majina. Wiki iliyofuata Sidonie akawa anawaongoza wengine kama mzaliwa wa pale. Nadhani ugonjwa wake ulianzia hapo. Alipopata kazi chuoni, mwaka 2013, alikataa kuwasomea wanafunzi notisi waandike. Anawakalisha duara, anawapa kitu mkononi, anauliza: mnaona nini? Anayejua amweleze mwenzake. Yeye anazunguka tu kama askari wa sokoni.

Wanafunzi walichukia. Wengi walikuwa watu wazima, wake za wanajeshi wa kambi ya jeshi iliyo jirani, kila mmoja na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu, na rula ya kupigia mistari. Kiongozi wao, Stellah, alimwambia waziwazi: "Madamu, sisi nakuja utufundishe. Wewe kila siku nauliza sisi. Sasa mwalimu ni nani?"

Sidonie akaeleza, akarudia, akaeleza tena. Kila Jumamosi alikuja kwangu kulalamika mpaka chai ikapoa, nami nikamwambia awasomee tu hizo notisi, apumzike. Alininunia wiki mbili.

Manung'uniko yakamfikia mkurugenzi, Bwana Jovan, mtu aliyenyooka shati kuliko maneno. Akasema Alhamisi ataingia darasani, na mwisho wa kipindi atatazama ubao. Ukiwa mtupu, basi hakuna kilichofundishwa, na mkataba wa Sidonie hautaongezwa.

Somo lilikuwa kukausha mahindi. Sidonie aliniagiza magunia mawili, moja kavu, moja lenye unyevu. Nilileta. Lile lenye unyevu nililifunika juu kwa mahindi makavu. Si ubaya, ni mkono umezoea. Ndivyo sisi wakulima tunavyowafungia wachuuzi wanaopita kununua kule Rugaaga. Nikakaa benchi la nyuma, mgeni rasmi.

Jovan alipoketi, darasa likafa. Sidonie akauliza gunia gani linafaa kuwekwa ghalani. Vichwa chini. Akagawa chumvi kavu na chupa za soda, akaeleza kwamba ukitikisa mahindi na chumvi chupani, chumvi ikinata kwenye kioo, bado kuna maji. Hakuna mkono uliosogea; mbele ya mkubwa, nani anataka kukosea? Dakika ishirini alizunguka kwenye meza, anabembeleza, anangoja. Hata mimi nilimwonea huruma, na si kawaida yangu.

Mwishowe Jovan akainuka, akashika chaki, akaandika sentensi tatu. Kalamu zikakimbia kama mvua. Kisha akatafuna punje ya juu kutoka kila gunia, kama wafanyavyo wanunuzi, akatangaza kwamba yote ni makavu. Akanigeukia mimi, mkulima. Nilijua ukweli, tena niliufunika mwenyewe, lakini mkubwa ni mkubwa. Nikaitikia.

Sidonie hakubishana naye. Alimwendea Stellah. "Mama Stellah, unga ya hii mahindi, utapikia batoto bako?"

Stellah akalaza kalamu. Nyumbani kwake mahindi huyanunua yeye. Akakunja mkono wa gauni, akazamisha mkono guniani hadi kiwiko, akatoa konzi kutoka katikati, akaitia chupani na chumvi, akatikisa. Chumvi ikashika kioo, nyeupe, kama ukungu.

"Hii nafunikwa juu," akasema, akinitazama. "Huyu mzee ni mwizi."

Basi meza zote zikaamka. Huyu anataka kuchota chini, yule pembeni, wanagombea chupa, wanafundishana kwa kelele, kalamu nyekundu ziko sakafuni. Sidonie kasimama katikati yao. Kengele ikalia, hakuna aliyeisikia. Jovan akalitupa sanduku la chaki dirishani, akapiga magoti mbele ya Sidonie, akasema, mwanangu, kuanzia leo walimu wote wa chuo hiki wata—

"Tonton, acha." Sidonie yuko nyuma yangu, mjomba wake, anasoma ninayoandika. "Magoti gani? Jovan alinipa muhula mumoja tu, na akasema kila siku ubao ujae mbele ya kengele. Andika ile."