Muguu Mweusi mu Sufuria ya Mama Mira

Hapa Kamina, kama unaazima Mama Mira sufuria yako, siku ya kurudishiwa hautaijua. Atasugua! Majivu, muchanga, gunzi ya mahindi, hata unaona uso yako ndani na unajua kumbe umezeeka. Minyi Lydie, mulango yangu inaangaliana na yake. Ile kwaru-kwaru yake inaniamusha kila asubui, na inanikasirisha vraiment.

Sufuria moja njo alipenda kupita zote: ile mama yake wa Kabongo alimuachia mbele ya kufa. Siku ya sikukuu ya kanisa akaileta, shiye bamama tupike. Kila mwanamuke alikuwa amepaka yake rangi kidogo ku sikio, ili isipotee. Ya Mira haikuwa na rangi. Alikuwa ameisugua hata ile.

Kisha kula, tukaosha vyombo, tukaanika ku jua. Mama Tshiala, mwenye kuimba na sauti kubwa mu koro ya kanisa, akapita, akabeba ile yenye kung'ara. Minyi sisemi aliiba, bandugu. Ninasema paka hivi: alisahau yake nyeusi, akakumbuka ya mwenzake.

Juma iliyofuata Mira akaiona ku mbabula ya Tshiala, makaa ya moto inawaka chini.

"Mama Tshiala, hii ni ya mama yangu."

"Weye! Alama yake iko wapi? Onyesha!"

Kartie muzima, bajirani bote, ikasikia. Nikaona machozi karibu ku macho ya Mira, na roho ikaniuma. Kisha akacheka kidogo. Ile kicheko yake ninaiogopa.

"Basi, mama. Kama ni yako, tupikie bukari. Tumuite Mama Laetitia aangalie."

Laetitia njo mukubwa wa bamama ba kanisa. Alipofika, Mira akamuambia mbele ya bote: "Bukari itaungua upande wa sikio yenye misumari. Itaacha alama kama muguu ya mutoto. Kama hakuna muguu, nitanyamaza paka kufa."

"Minyi, niunguze bukari?" Tshiala akasema. "Tangu nizaliwe?"

Akasonga ile ugali kwa maringo, kiuno inacheza. Harufu ikatoka. Akaongeza nguvu ya mwiko, harufu nayo ikaongeza. Laetitia akamwaga bukari ku sahani, akachungulia chini.

Aka! Muguu, mweusi ti, na kisigino yake. Tulicheka hata mwingine wetu akakaa chini mu vumbi.

"Haya, beba sufuria yako," Tshiala akasema, macho chini.

Mira akafunga mikono. "Nilileta safi, nitabeba safi. Gunzi ile pale. Majivu unayo."

Tshiala akachuchumaa. Akasugua, jasho inatiririka, na shiye, mashetani ya bamama, tukamuimbisha: "Sauti, mama, sauti!" Kando ikang'ara. Akafika ku muguu, akashika muchanga, akakandamiza na hasira yote.

Mira akaruka, akamushika mukono. "Acha! Pale, hapana."

"Si ulisema safi?"

"Mama yangu njo alikuwa anaanzia pale kusugua, kila siku, paka chini ikabaki nyembamba. Njo maana inaungua." Akamunyang'anya gunzi. "Pale nitasugua minyi."

Kicheko yetu ikaisha. Mira akapiga magoti, akaanza pole pole, na kidole. Tshiala akasogea kidogo, akachukua kopo, akaanza kumumwagia maji.