Katuni ya Wavaa-Watu

Harufu ya lehemu ikiyeyuka hunirudisha Bujumbura hata leo, nikipita tu mbele ya kibanda cha fundi simu. Lehemu, spiriti na vumbi lililopata joto: hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya duka la baba yangu, fundi wa redio na video katika mtaa wa Asiatique. Mbele palikuwa duka, nyuma tulilala sisi, na katikati lilining'inia pazia la kitenge.

Baba alikuwa na sharti lake. Mashine ya video aliyoitengeneza haikurudi kwa mwenyewe mpaka icheze kaseti nzima huku mtu ameketi mbele yake. Mtu huyo nilikuwa mimi, binti wa miaka kumi ambaye shule yake ilifungwa kwa sababu ya vita. Jioni baba aliniuliza uzuri na ubaya wa mashine, nami nikamjibu uzuri na ubaya wa filamu. Alinivumilia. Mteja mmoja wa mtaa wa Kiriri alikuwa amekimbilia ng'ambo na kutuachia kaseti sita za katuni ya Kijapani iliyotiwa sauti za Kifaransa, kwa hiyo kila mashine ilijaribiwa kwa katuni hiyo hiyo. Niliijua kama ninavyoijua Alhamdu.

Mimi na Zaituni, rafiki yangu wa duka la jirani, tuliiita Wavaa-Watu. Viumbe vya moshi vilishuka kutoka nyota ya mbali, vikawaingia watu puani na kuwavaa kama koti. Niwaambieni ukweli, wasomaji wangu, sijaona tena kitu kilichonitisha hivyo. Uzuri wake ulikuwa ukimya. Kulikuwa na mama mmoja aliyeosha vyombo, ametupa mgongo, maji yanatiririka, nawe unangoja ageuke, na hageuki. Ubaya nao haukukosekana. Shujaa alipiga kelele ndefu kabla ya kila pigo, na adui akamsubiri kwa adabu. Wasichana kazi yao ilikuwa kulia. Mbio zilikuwa zile zile, barabara ile ile, zilichorwa mara moja zikatumiwa katika kaseti zote sita. Tulichokipenda kuliko vyote ni dalili za kuvaliwa. Aliyevaliwa hakulala chini, alisinzia ameketi. Hakutoka juani. Na mlio wowote aliusikia kabla ya wengine.

Basi akaja mgeni niliyeambiwa nimwite Tantine Mariamu, yaani shangazi. Baba alisema ni dada yake wa Rumonge, ingawa sikuwahi kusikia kwamba ana dada huko. Alifika amejitanda mtandio, akapewa chumba cha nyuma, na hakutoka nje hata kuanika nguo. Nilimchungulia mchana: anasinzia ameketi, mgongo ukutani, viatu miguuni. Gari likija, kichwa chake kiligeuka kabla mimi sijasikia chochote. Mwili ulinisisimka. Nikakimbia kumwambia Zaituni kwamba kwetu kuna mtu ambaye si mtu.

Wahenga wanasema mdomo uliponza kichwa. Safari hii mdomo ulikuwa wangu na kichwa kilikuwa cha mwingine. Zaituni alimsimulia kaka yake, na kaka yake alishinda na vijana waliofunga barabara kwenye kona, wakisimamisha watu na kuwakagua sura ili wajue kabila lao. Aliyetiliwa shaka pale hakurudi kwake. Kesho yake, baada ya adhuhuri, wanne kati yao waliingia dukani. Mmoja aliweka panga juu ya meza ya baba, katikati ya bisibisi.

Mkubwa wao aliinama akanitazama. "We mutoto, ulisema humu kuko mutu haiko mutu?"

Nilimwangalia baba, nikamwona amesawijika uso. Hapo nikajua nimefanya jambo baya, ingawa sikujua ni lipi. "Ni mu katuni," nikasema. Hakuniamini, basi nikaitia kaseti kwenye mashine. Wakakaa. Vita vile vilikuwa na mambo yake: vijana wanne waliozoea kuua wameketi kwenye viti vya wateja, wanamtazama mama wa katuni akiosha vyombo, na mmoja wao ameziba macho kwa vidole.

Pazia likasogea. Tantine Mariamu akatoka na sinia la maji. Hakuna aliyemwita. Nadhani alijua kwamba kwetu Waislamu wa mjini mgeni hakai bila kupewa maji, na kwamba nyumba isiyotoa maji ingeonekana inaficha kitu.

"Karibuni maji, watoto yangu," alisema.

Aliposimama karibu yangu nilisikia glasi zikigongana taratibu juu ya sinia, nikaona jasho juu ya mdomo wake. Viumbe vya katuni havikuogopa kamwe. Huyu aliogopa. Nikajua ni mtu, nikatamani niyameze maneno yangu yote.

Mkubwa alipokea glasi kwa mikono miwili, akasema aksanti mama, akanywa. Kisha akaniuliza hao wa kaseti hujulikanaje. Nilidanganya. Nikasema wana kucha za kijani.

Akacheka. "Siye, kaseti apana lazima. Mutu tukimuangalia mara moja tu, tunamujua."

Akamrudishia Tantine glasi yake, akachukua panga, wakaondoka.

Jina halisi la Tantine lilikuwa Goreti, mwalimu wa mtaa wa Kinanira, na kabila lake ndilo walilokuwa wakilisaka. Hayo niliyajua baadaye, kama nilivyojua baadaye kwamba anayelala na viatu yuko tayari kukimbia. Ubaya mkubwa wa katuni ile sikuuona nilipokuwa mtoto: ilituahidi kwamba wa kuogopwa ana alama, na ukiijua alama yake uko salama. Vijana wale waliamini hivyo. Mimi pia niliamini, na kama mkono wa Goreti ungetetemeka zaidi kidogo, imani yangu ingemuua.

Wiki ile ile baba alimvusha mpaka wa nchi hadi Uvira. Goreti alipokuwa akiniaga alinikumbatia sana, akanishukuru kwa kumwokoa. Mpaka leo hajui ni nani aliyewaita vijana wale.