Barua Mbili za Mzee

Niliambiwa niandike barua mbili za sifa, yangu na ya mwenzangu kazini. Lakini ngoja nianze na vitabu, maana bila vile vitabu wivu wangu ungebaki wivu wa kawaida tu, ule wa kununa na kwenda kunywa chai peke yako.

Hospitali niliyofanyia kazi hapa Kigoma ilikuwa na daktari bingwa mmoja tu wa upasuaji. Wote tulimwita Mzee. Chini yake tulikuwa madaktari wawili wa kawaida tuliotamani kuwa kama yeye: mimi, mtoto wa Ujiji, nikiwa na miaka sita kazini, na binti mmoja wa Kasulu aliyenikuta pale. Mimi ndiye niliyempokea. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika mkasi bila kutetemeka na kufunga uzi kwa mkono wa kushoto. Nayasema haya mapema ili ujue kuwa niliumia kwa haki, au angalau hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Mwaka huo sote wawili tulitaka kuomba nafasi chuoni, tukasomee ubingwa wa upasuaji. Hospitali ikasema itamruhusu mmoja tu, kwa sababu tukiondoka wote Mzee atabaki peke yake na wodi nzima. Kamati ingekaa na kuangalia vitu viwili: orodha ya operesheni ambazo mtu amefanya, na barua ya Mzee. Atakayepita anapewa ruhusa na kutuma maombi yake. Mwenzake anasubiri mwaka mwingine, kama huo mwaka mwingine utakuwepo.

Wivu wangu kwake ulianza wodini. Bibi wa kutoka kijijini akiletwa, yule binti anainama na kumsalimu kwa Kiha, "Mwakeye," na kuanzia hapo bibi hataki mtu mwingine amguse. Kiha changu mimi ni cha kununulia dagaa. Kuna bibi mmoja nilimfanyia operesheni ya utumbo uliojisokota, nimesimama saa tatu mpaka kiuno kikakakamaa, na binti kazi yake ilikuwa kunishikia jeraha wazi nione vizuri. Kesho yake bibi akauliza, "Yuko wapi yule binti aliyenipasua?" Binti akamwambia si yeye, ni huyu kaka hapa. Bibi akanitazama kidogo, kisha akamgeukia yeye. "Basi mwambie asante." Amwambie, na mimi nimesimama pale pale. Nilicheka pamoja nao, kisha nikaenda kunywa chai peke yangu.

Sasa vitabu. Chumba cha upasuaji kina kitabu kikubwa, na ukimaliza operesheni unaandika: mgonjwa, ugonjwa, mpasuaji, msaidizi. Mimi nimelelewa Ujiji, kwenye nyumba ambayo mdogo hatii mkono kwenye sinia kabla ya mkubwa. Basi kwenye nafasi ya mpasuaji nikawa naandika jina la Mzee, hata siku ambazo Mzee yuko ofisini kwake anasoma gazeti, na mimi najiandika msaidizi. Hakuna aliyeniagiza. Niliona tu aibu kujiweka juu ya mtu aliyenifundisha kazi. Mzee mwenyewe sidhani kama aliwahi kukifungua kile kitabu.

Yule binti alipofanya henia yake ya kwanza peke yake, alijiandika mpasuaji. Jina kamili, herufi kubwa, za kusomeka. Nikamwita pembeni.

"Mdogo wangu, hapa tunamtanguliza Mzee."

"Kwani Mzee alikuwepo, kaka?"

"Hata kama hakuwepo."

"Mgonjwa akipata shida wataniuliza mimi au yeye?"

Nikamwambia watoto wa siku hizi hamna adabu, nikaondoka.

Siku ya kuandaa orodha, sista mkuu wa chumba cha upasuaji alitutolea vitabu vyote. Nikakaa navyo mezani. Kwenye safu ya mpasuaji, kwa miaka sita, nilijikuta mara kumi na moja, nazo ni za siku ambazo Mzee alikuwa amesafiri na hata kuliandika jina lake kusingewezekana. Kwingine kote mimi ni msaidizi. Za binti zilijaza karatasi nne. Nilimchukia. Aliyeandika ni mimi, kwa kalamu yangu, lakini niliyemchukia ni yeye, na nilimchukia zaidi kwa kuwa hakuwa ameiba kitu.

Wiki hiyo hiyo Mzee akaniita. Shikamoo yangu hata haijaisha mdomoni akasema, "Mimi kuandika kunanichosha. Wewe una maneno mazuri. Niandikie zote mbili, yako na ya mwenzako, uniletee nisaini." Wakubwa wengi hufanya hivyo. Unajiandikia sifa zako, mkubwa anaweka jina chini. Kilichokuwa kigeni ni kupewa na ya mwenzio.

Niliziandika Jumamosi mchana, nyumbani kwangu Buzebazeba. Yangu ilitoka yenyewe. Nilijimwagia sifa kama mtu anayemimina mawese asiyoyanunua: mikono mitulivu, uamuzi wa haraka, mwalimu wa wenzake. Kisha nikageukia ya kwake. Nikaandika kwamba hufika kazini kwa wakati. Kwamba ni msafi. Kwamba anaelewana na wafanyakazi wote, na kwamba akipata uzoefu zaidi anaweza kufaa. Hapakuwa na neno la uongo. Barua ya namna hiyo ungeweza kumwandikia hata mtu wa kufyeka majani ya hospitali. Nilipoimaliza nilijisikia vizuri, siwezi kusema vinginevyo. Jumatatu Mzee alisaini zote mbili bila hata kutafuta miwani yake, nikazifunga kwenye bahasha, nikazipeleka kwa katibu wa kamati.

Kesho yake binti akanifuata na karatasi mkononi.

"Kaka, hizi ni za kwako."

Alikuwa amekaa na sista mkuu siku tatu baada ya kazi, wamepekua vitabu vyote. Kila palipoandikwa Mzee na wao wenyewe wakakumbuka kwamba aliyepasua ni mimi, walinakili. Sista alikuwepo miaka yote, anakumbuka mpaka nani alitapika baada ya dawa ya usingizi. Zilifika sitini na tatu. Sista alisaini, na asubuhi hiyo binti alikuwa amempelekea Mzee naye akasaini. Utumbo wa yule bibi ulikuwemo, na mbele yake binti ameandika kwa mkono wake kwamba msaidizi alikuwa yeye.

"Ilikuwa inaniudhi," akasema. "Mtu afanye kazi halafu asionekane."

Ungedhani hapo wivu uliisha. Wapi. Nilimwonea wivu hata huo moyo. Mimi nisingekaa siku tatu kumtafutia sifa mtu anayeweza kunishinda.

Nilikwenda kwa katibu kupeleka ile orodha. Bahasha zilikuwa bado juu ya meza yake, naziona, ya kwake chini ya yangu. Ningeweza kusema nimekosea, naomba ile moja niirekebishe, na angenipa bila swali. Akainua macho. "Unasemaje, dokta?" Nikasema nilitaka kujua kikao ni saa ngapi. Akaniambia saa nne. Nikamshukuru, nikarudi wodini.

Kamati ilinichagua mimi. Walisema orodha yangu ni nzuri na barua yangu haina mfano, ila kwenye barua ya mwenzangu, Mzee hakuonyesha kumwamini sana. Binti alinipongeza. Alinipeleka Katonga kwenye soko la samaki, akachagua mwenyewe kuhe mkubwa, tukakaangiwa pale pale, akala akiniuliza nitapanga wapi huko chuoni. Akasema kidogo tu kwamba hakujua Mzee anamwona hivyo, kwamba atajitahidi zaidi. Nilitoa miiba ya samaki kwa uangalifu kuliko ilivyohitajika.

Nikaenda. Chuoni nilisimama nyuma ya mabingwa nikivuta ngozi ya jeraha, na nikipiga simu Kigoma naambiwa binti sasa anafungua matumbo peke yake. Nilichukua nafasi yake, na bado nikamwonea wivu kwa kubaki.

Likizo ya mwaka uliofuata nilikuwa Ujiji kwa mama. Binti akaja kwa bodaboda, akamwamkia mama, akakaribishwa migebuka, akanawa na kula. Mama alipoondoa vyombo, akasema, "Naomba tena mwaka huu. Nilikwenda kwa Mzee kwa ajili ya barua. Akaniambia barua zake anaandikaga yule kaka yako. Hata ile ya mwaka jana."

Nilitazama mkeka. Nilisubiri anitukane, na ningeshukuru.

Akafungua mkoba wake, akatoa karatasi nyeupe na kalamu, akaziweka mbele yangu. "Andika hapa, na mimi nimekaa."

Nikaandika. Mikono mitulivu. Uamuzi wa haraka. Nikaandika kwamba alifanya upasuaji mgumu bila mkubwa pembeni, na kwamba alijiandika kwa jina lake. Kila sentensi ilikuwa ya kweli na kila moja ilinichoma, nami niliziandika zote mpaka karatasi ikajaa. Akaisoma polepole. Kisha akanirudishia, akaweka kidole pale chini ambapo jina la Mzee huwa linakaa.

"Mzee ameniambia safari hii hasaini," akasema. "Amesema aliyeandika ndiye aandike jina lake."