Mbegu Yote Iingie Ardhini

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika bomani Morogoro na kanzu ya kuazima. Bwana Shamba, Mdachi aliyesimamia kilimo, akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye mdomo wangu?" Nikasema ndiyo. Kiswahili alikijua, lugha za huko bara ndizo zilizomshinda. Mimi ni Mluguru wa mlimani, lakini mama yangu alikuwa mtu wa Gairo, basi nikawa mkalimani. Nyinyi vijana mnadhani ukalimani ni kubadili maneno tu. Thubutu!

Kwetu Uluguru ukungu hauishi. Panda maharage leo au wiki ijayo, utakula. Gairo ni mambo mengine. Mvua ya kwanza kule ni ya kudanganya. Mbegu inaota, kisha jua linapiga mpaka miche inakauka yote. Ndiyo maana wenyeji walipanda kwa mafungu. Fungu la mwisho, masuke ya mtama, walilining'iniza juu ya meko lipate moshi, wadudu wasiliguse, wala hawakulishusha mpaka mvua ikae sawasawa.

Tulipofika Gairo, Bwana Shamba alipoyaona masuke yale alifoka. Nadhani kwao mvua ikianza imeanza. "Huu ni uvivu! Mbegu yote iingie ardhini kabla sijarudi. Atakayebakiza, viboko!"

Nikatafsiri neno kwa neno, roho inaniuma. Bibi Semeni, mjane aliyelea wajukuu yatima, akaniuliza, "Yote, mwanangu?"

"Yote, bibi."

"Iingie ardhini?"

"Ndivyo alivyosema."

"Haya," akasema, na kucheka kidogo. Sikuelewa anacheka nini.

Tuliporudi tulifuatana na Akida, mtu wa pwani, mkali kama pilipili, na lugha ya Gairo hakuijua hata salamu. Akachungulia juu ya meko ya Bibi Semeni: patupu. Akatoka kwenda shambani, akakunja uso. "Mbona kumeota kipande tu? Muulize mbegu nyingine iko wapi."

Nikamuuliza. Bibi akanijibu kwa lugha yao, bila kupepesa macho: "Mwambie imo ardhini. Imo ndani ya mtungi, nimeuziba kwa majivu na udongo, nimeufukia pale penye ungo mbovu."

Viboko vilikuwa mkononi mwa askari, na Bwana Shamba ananingoja.

"Anasema imo ardhini, Bwana."

"Vizuri," akasema Bwana Shamba, tukaenda zetu.

Jua la mwaka ule, jamani! Miche ya kijiji kizima ilikauka, watu wakapanda milimani kwetu kutafuta mihogo. Mvua ya kweli ilipokuja, walikuwa wamechoka kuitazamia. Bibi Semeni akafukua mtungi wake, akapanda, na majirani akawagawia konzi konzi. Nilipousikia mtama ule ukivuma kwa upepo nililia, sioni aibu kusema.

Bwana Shamba alipita akashangaa. "Muulize amefanyaje."

"Mwambie nilitii," akasema bibi.

"Anasema alitii amri yako, Bwana." Mdachi akatikisa kichwa, amefurahi kweli.

Wadachi walipoondoka nami nikaacha kazi, nikarudi mlimani kulima. Siku hizi ukungu hata huku umeanza kutuhepa, na mimi nina masuke yangu juu ya meko. Wajukuu huniuliza kama nilikuwa mkalimani mwaminifu. Nawaambia, sana, neno kwa neno, isipokuwa mtungi.